Sista Lukresia wa Uru, Aliyeonja Kwanza

Alizaliwa Uru mwaka 1941, katika kihamba cha migomba na kahawa, akabatizwa Lukresia. Alipotimiza miaka ishirini alijiunga na masista, akasomea uuguzi, kisha kwa miaka mingi akapanda na kushuka milima ya Uru kwa miguu akihudumia wagonjwa majumbani. Wengi walimpenda. Melkior, katekista wa kigango, hakumwamini hata kidogo, na ni yeye aliyetusimulia haya.

Mwaka 2001 Kornelia, mama yake Melkior, alikuwa anakufa kwa saratani iliyokwisha kuingia mifupani. Alikuwa na ombi moja tu: awabariki wanawe akiwa na akili zake, kwa kuwa neno la mwisho la mzazi ndilo watoto wanaloishi nalo. Lakini morfini, ile dawa kali ya maumivu, ikiongezwa, alilala kutwa. Ikipunguzwa, alilia kwa maumivu. Sista Lukresia akaipunguza hata hivyo, akaongeza vidonge vya diklofenaki baada ya chakula, pamoja na panadoli kwa saa maalumu.

Panadoli, dawa ya mafua. Melkior akanusa hila. Alikuwa amesikia kwamba mjini morfini ina wanunuzi, akaona wazi kuwa Sista anaiba ile ya maana na kuwafumba macho kwa vidonge vya dukani. Akatia alama ya kalamu kwenye chupa ya morfini aone inavyopungua. Akapekua mkoba wa Sista alipokwenda kunawa, asikute kitu, na hilo likamzidishia shaka. Mwishowe akaacha kumpa mama vile vidonge, akiviona vya bure. Siku ya pili mama alilia mpaka majirani wakaja.

Sista alipofika, Melkior alimzuia mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mama analia, maana chupa hii umetia maji. Kwetu anayeleta pombe ya mbege huonja kwanza. Onja."

Sista alitia tone ulimini, akakunja uso, akampa Melkior naye tone. Lilikuwa chungu vibaya.

"Hii inazuia maumivu yasifike kichwani," alisema taratibu. "Vidonge vinatuliza pale mfupa unapouma. Dawa hizi zikisaidiana, hii kali inatosha kidogo tu, na mama anabaki macho. Sasa, katekista, vidonge viko wapi?"

"Mfukoni mwa koti langu, Sista."

Aibu ile hajaisahau. Vidonge vikarudishwa, na siku mbili baadaye Kornelia aliketi kitandani, akawaita wanawe kwa majina, akawabariki. Melkior akawa wa mwisho. "Wewe mwanangu," alimwambia, "nakubariki pamoja na shaka zako." Alifariki kwa amani wiki iliyofuata.

Mwaka 2006 Sista Lukresia aliugua maradhi hayohayo, na aliyempelekea dawa alikuwa Melkior. Siku ya kwanza Sista alimtazama, akatabasamu.

"Onja kwanza, katekista."

Akaonja, machozi yakimtoka. Sista alifariki Kwaresima ya mwaka uliofuata.

Wapo Uru wanaoita siku ile ya Kornelia muujiza. Melkior hakubali, anasema zilikuwa dawa zilizopangwa vizuri na mtu mkweli. Bado ni mtu wa kushuku. Ila kabla hajaingia kwa mgonjwa yeyote, hupekua kwanza mifuko ya koti lake mwenyewe. Nasi tunaotaka kumfuata Sista huyu, tuanzie hapo.