Asilimia Tisini na Sita za Bi Mvuke

Sisi wa chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji tulimwita Bi Mvuke, na hakuwa mtu wa kuelekezwa kazi. Miaka ishirini na miwili alikaa na mashine ile ile ya mvuke, anaijua hata kwa mlio. Mimi nilifunga mikasi na vibanio kwenye mafurushi ya kitambaa, yeye akayaingiza, na ole wako umharakishe.

Ikaja mashine mpya, na nyuma yake mkufunzi kijana, mdomo haupumziki. Akatuwekea programu kwenye simu: maswali matano kila asubuhi. Ukikosa swali, linarudi kesho yake. Ukilipata mara kadhaa, linakuacha kabisa.

"Ubongo wa mtu mzima haujafunga mlango," alituambia. "Ila lazima uhangaike kukumbuka. Hata kukosa kunasaidia, mradi usahihishwe papo hapo."

Mwisho wa mwezi, mwenye chini ya themanini kwa mia angehamishiwa kufua mashuka. Bi Mvuke alimcheka mbele yake, lakini siku ya kwanza alipata swali moja, na ya pili hakupata hata hilo.

"Mimi wa kufua mashuka?" aliniambia stoo, midomo inamcheza. "Bora nikae nyumbani."

Wiki mbili baadaye alikuwa na tisini na sita. Mimi nilikuwa na themanini na moja za jasho langu, na sifichi, wivu uliniunguza. Nikambana.

"Binti yangu wa chuo ndiye anayenijibia," alinong'ona. "Yeye anabonyeza, mimi napiga pasi."

"Dada, hiyo programu inaamini unajua! Haitakuuliza tena!"

"Si ndiyo raha yenyewe, mdogo wangu?"

Nilikasirika, lakini sikumwambia mtu. Siku ya kuanza kutumia mashine mpya, msimamizi wetu alitazama alama tu, akamteua yeye.

Asubuhi hiyo mashine ilinguruma, ikatulia, kisha ikawasha taa ya njano. Si kijani, si nyekundu. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuwa ameshaingiza kichwa dirishani.

"Jamani, mgonjwa yuko mezani. Tunawasubiri nyinyi."

Mkufunzi alikunja mikono, akatabasamu kama baba wa bibi harusi. Bi Mvuke akashika mpini wa mlango. Kwa mashine ya zamani angefungua, akayaacha mafurushi yapoe, basi. Mimi jibu nililijua. Sikulisema, kwa sababu kulisema ni kumuumbua, na naona aibu mpaka leo.

Mkono wake ukabaki pale. Kisha akauondoa.

"Hayatoki," alisema. "Yana unyevu ndani. Kitambaa kikilowa, vijidudu vinapenya. Yafungwe upya, yarudi kwenye mvuke."

"Bi Mvuke, mgonjwa yuko mezani!"

"Ndiyo maana hayatoki. Chukua seti ya akiba kabatini, ni kavu."

Muuguzi akaondoka anabamiza milango. Mkufunzi alipiga makofi. "Mmeona? Hizo ndizo tisini na sita!"

"Si zangu," alisema Bi Mvuke.

Makofi yakakatika. Akavua glavu taratibu, akaeleza yote, ya binti na ya pasi. "Swali la taa ya njano tu ndilo langu. Mtoto alisafiri siku tatu, nikajibu mwenyewe; mengine nilibahatisha, hili likanijia mara tatu, na mara zote nikajibu, 'Fungua, yakauke nje.' Mara zote nikaambiwa nimekosa, nikaonyeshwa jibu. Liliniuma, ndiyo maana halijatoka kichwani. Hayo mengine, baba, siyajui. Nifutie zote."

Mkufunzi akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama kalenda ukutani.

"Zimebaki siku tisa," alisema. "Na utaratibu ni ule ule."

"Najua."

Alama zikafutwa mbele yetu. Usiku ule sijui kama alilala. Kesho yake alikuja mapema, akavaa miwani, akaketi katikati ya chumba ambako kila mtu angeiona simu yake. Swali la kwanza akakosa. La pili akakosa. Hakuna aliyethubutu kucheka, hata mimi. Alipomaliza aliinua uso, macho yamelowa.

"Nimekosa yote matano," alisema. "Sasa haya ni yangu."