Dume wa Mahari Aliyeruka Kwenye Tangi la Rangi

Siku ya mahari yangu, dume mmoja alifika kwa baba akiwa wa bluu.

Sisemi alikuwa na doa. Bluu mwili mzima, kuanzia pembe mpaka kwato.

Na rangi ile ilikuwa yangu mimi, bibi harusi mtarajiwa. Kama una chai mdomoni, imeze kwanza ndiyo uendelee kusoma.

Naitwa Ghati. Ni fundi wa rangi kwenye karakana ya vitanda vya chuma hapa Kerende. Sisi hatupaki kwa brashi. Chuma kinaning'inizwa kwenye winchi, kinazamishwa kwenye tangi la rangi, kinatolewa, kinachuruzika. Kazi imekwisha.

Tangi lenyewe alilijenga Mzee Nyangwine, ambaye maisha yake yote amejenga majosho ya ng'ombe. Bosi wetu, Mama Winfrida, alimwambia tu, "Nijengee pa kuzamishia vitanda."

Mzee akajenga anachokijua. Mfereji mrefu, mwembamba, mwanzoni kina kirefu, mwishoni mteremko wa kupandia. Josho kamili, kasoro kupe.

Hatukulalamika. Tukafunga pampu ya kusukuma rangi kutoka kwenye kina kwenda kwenye mteremko, ili isitulie ikaganda chini.

Shida ikaja kwenye vichwa vya vitanda, yale mabati mapana. Kila bati lilitoka na upara nyuma, wa ukubwa wa sahani. Mbele linang'aa, nyuma aibu tupu.

Na vitanda vilikuwa vya bweni la wasichana kule Ringwani.

Mama Winfrida akaniita. "Ghati, wewe ndiye uliyeniingiza kwenye mambo ya tangi. Wakaguzi wa shule wanakuja Alhamisi. Wakikuta upara, tangi nalifukia udongo, wewe na msaidizi wako Neema mtafute kazi nyingine."

Alhamisi hiyohiyo ndiyo ng'ombe wangu wa mahari walikuwa wanapelekwa nyumbani, Nyanungu.

Nikapima mkondo wa rangi mpaka nikachoka. Kipimo chetu ni fimbo yenye feni ndogo mwishoni. Unaizamisha, rangi ikipita feni inazunguka, namba zinapanda.

Juu, sawa. Chini, sawa. Kushoto na kulia, sawa. Rangi ilikuwa inatembea vizuri tangi zima, na upara bado upo. Nikaanza kuwaza majirani wabaya.

Alhamisi asubuhi nimechuchumaa pembeni mwa tangi na fimbo yangu, nikasikia miluzi barabarani. Nikamjua Daudi wangu kabla sijamwona. Yeye na mjomba wake, Mzee Benedicto, walikuwa wanaswaga ng'ombe kutoka kwao Ringwani. Njia fupi ilikuwepo, ila Daudi alitaka kuniona. Mapenzi bwana!

"Bibi harusi, bado uko kazini?" akapaza sauti getini.

Nikasimama kumjibu, fimbo bado imo kwenye rangi, meno yote nje.

Hapo ndipo dume mmoja mkubwa akachomoka kundini.

Akapita geti. Akampita Neema. Akaenda moja kwa moja kwenye kina cha tangi, akanusa, akaruka!

Mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma.

Sikuona tena kitu, maana nusu ya rangi ilikuwa usoni kwangu. Nikafuta macho, nikamkuta anaogelea taratibu kama mwenye shamba, akapanda mteremko, akajikung'uta. Sote tukapata vidoadoa, na koti la Jumapili la Mzee Benedicto likapata zaidi.

"Mahari imeharibika, mura, kijana wangu!" mjomba akampigia Daudi kelele. "Tunapeleka nini kwa wakwe?"

Neema akavuta mpira, tukamwosha dume macho, pua na mdomo haraka. Ashukuriwe Mungu, ilikuwa rangi ya maji. Lakini mwilini ilikuwa imeshaanza kukauka kwa jua.

Sasa wakati namfuta, nikaona kitu. Kwapani, bluu. Mikunjo ya shingoni, bluu. Hakuna upara!

"Daudi, inua mguu!"

"Wangu?"

"Wa dume!"

Katikati ya mapaja, bluu safi kabisa. Nikaruka juu nikicheka, mjomba akadhani nimerukwa na akili.

Dume alipita kichwa mbele, kwa urefu wa mfereji, rangi ikamzunguka pande zote. Sisi mabati tulikuwa tunayashusha yamekaa kwa upana, kama mlango uliofungwa. Na mimi siku zote nilikuwa napima tangi likiwa tupu, bila bati ndani ya rangi!

Nikashusha bati kwa upana, nikaweka fimbo nyuma yake. Feni ikasimama. Sifuri.

Nikaligeuza likae kwa urefu. Feni ikazunguka, pande zote mbili.

Tukalizamisha hivyo, tukalitoa. Mama Winfrida akalizunguka, akainama, akachungulia nyuma. Kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika mpaka mgodi wa dhahabu wa jirani. Wakaguzi walitukuta tunacheza, wa bluu wote, lakini mabati waliyapokea.

Furaha yangu ikakatika nilipomkumbuka baba.

Baba yangu, Mzee Kisyeri, aliwahi kurudisha kundi zima la mahari ya dada yangu kwa sababu ya sikio moja lililochanika. Sembuse huyu?

Tulifika Nyanungu, vigelegele vya mashangazi vikakwama kooni. Daudi akatoa shikamoo kwa sauti ya mtoto. Baba hakuitikia. Alikuwa anamzunguka dume.

"Nani kamfanya hivi?"

"Ni tangi letu, tata," nikasema. "Ameruka mwenyewe."

Baba akageuka. "Mwenyewe? Hamkumsukuma?"

"Hatukumgusa."

Kisha akapiga mluzi mdogo wa chinichini, akaita, "Bwana Afya?"

Dume akainua kichwa. Akapasua watu, akaja kukiweka kichwa chake cha bluu kwenye kifua cha baba yangu.

Na baba, ambaye sijawahi kumwona akilia, akalia.

Alimlea yule dume tangu ndama aliyefiwa na mama. Ndiye ng'ombe pekee aliyekimbilia josho bila fimbo, ndiyo maana ya jina. Mimi nilikuwa shule ya bweni, na likizo sikuwa mtu wa zizini, sikumfahamu. Na mwaka nilioenda chuo cha ufundi, baba alimpeleka mnadani.

Mimi aliniambia ada imetoka kwenye mavuno ya ulezi shambani.

"Tulimnunua mnadani hatujui ni wa nani," Mzee Benedicto akasema taratibu.

Baba akajifuta machozi, akabaki na bluu usoni, akaangua kicheko. "Nilimtoa huyu ukajifunze kupaka rangi. Na kweli umejifunza!"

Mahari ikapokelewa. Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Ndugu zangu, mkipima kitu, kipimeni kikiwa kazini, si kikiwa kitupu. Na kama mzazi wako aliwahi kukwambia ada imetoka kwenye ulezi, leo mpigie simu umuulize vizuri.

Mimi nilimuuliza. Mwaka ule, kumbe, ulezi wote uliliwa na ndege.