Kiti Kirefu cha Mzee Sponji

Mzee Sponji hakuzaliwa na jina hilo; alilichuma kwa jasho. Kwa miaka arobaini alishona viti vya magari, na aliyekalia kiti chake kwa mara ya kwanza hakuona haya kufumba macho na kuguna. Wateja walisema ukitaka gari likimbie mtafute makenika, ukitaka usijali kwamba limechelewa mtafute Mzee Sponji. Sifa hizo alizipokea kwa unyenyekevu wa uongo, macho chini, masikio juu.

Kazi yake bora kuliko zote haikuwa ya mteja. Ilikuwa ndani ya gari lake mwenyewe, gari refu la familia lenye mlango wa kuteleza ubavuni. Nyuma ya dereva alitengeneza kiti kirefu kutoka ukuta hadi ukuta, sponji unene wa shubiri, kitambaa rangi ya damu ya mzee. Kitambaa alikichagua mkewe, akiwa na mimba ya mtoto wa tano, baada ya kumzungusha maduka sita na kurudi lile la kwanza. Watoto wote watano walikulia juu ya kiti hicho. Walilalia, walipigania nafasi ya dirishani, walitapikia, waliimba mpaka sauti zikakauka. Mkewe aligeuka kila baada ya dakika mbili kutishia kumshusha mtu, na hakumshusha mtu hata siku moja.

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne sasa. Watoto wanne walitawanyika na kazi zao. Nyumbani alibaki na kitinda mimba, muuguzi wa wodi ya majeruhi, ambaye mumewe alifanya kazi mbali na kurudi mwisho wa mwezi. Pamoja naye walikuwemo wajukuu watatu: msichana wa miaka minne aliyeanza kusema akiamka na kunyamaza akilala, na mapacha wa miezi kumi. Kwa Mzee Sponji, kelele za hao watatu ndizo zilizomtoa kitandani asubuhi. Bila wao, nyumba ile ingebaki na saa ya ukutani tu, na saa hiyo alikuwa ameshaichoka.

Basi muuguzi akabadilishiwa zamu. Kuanzia Jumatatu, gari la hospitali lingempitia saa moja asubuhi, na shule ya awali, yenye chumba cha kulelea wachanga, ilikuwa upande wa pili wa mji. Babu alisema, kwani mimi na gari langu tumekufa? Binti akashukuru, akaenda mjini, akarudi na viti vitatu vya watoto vya kufungwa ndani ya gari.

"Nyinyi watano niliwabeba bila vidude hivi," Mzee Sponji alisema, "na wote mko hai."

"Tuko hai, baba. Mimi kazini nawaona wasiobahatika."

Akavichukua vile viti.

Siku ya kwanza alivifunga kwa utepe mzito wa fundi, ule wa kubebea sponji ya sofa, akauzungusha kiti kirefu chote na kukaza kwa goti. Jioni binti alikuja bado na sare yake, akashika kiti cha mtoto pale mkanda unapopita, akakitikisa. Kikacheza huku na huku kama jino bovu. "Bado, baba."

Siku ya pili fundi wetu, kwa mapenzi yake na kwa ubishi wake, aliongeza vipande vya sponji chini ya viti ili watoto wasiumie mifupa. Binti akatikisa. Hali ilikuwa mbaya kuliko jana.

Siku ya tatu hakutikisa kwanza. Alikaa mlangoni mwa gari, viatu amevua, miguu imevimba kwa kusimama.

"Baba, kiti cha mtoto umekifunga kwenye nini?"

"Kwenye kiti kikubwa."

"Na hapo utepe umezunguka nini?"

"Sponji. Sponji nzuri."

"Na sponji imeshikwa na nini?"

Mzee Sponji akakuna kidevu.

"Mikanda ya gari lenyewe iko wapi?"

"Halikuja na mikanda huku nyuma," alijibu, bila kusita hata kidogo. "Gari la zamani hili, mama."

Binti akasema taratibu kama anayemwambia mgonjwa. "Jumatatu nikikuta bado vinacheza, nitawapeleka wakakae kwa mama mkwe. Kule shule iko mlangoni. Sisemi kwa ubaya, baba."

"Kwa bibi yule kuna paka!" akadakia yule wa miaka minne, na furaha yake ilimchoma babu kuliko yote yaliyotangulia.

Kesho yake alimwita rafiki yake makenika, mtu mfupi wa maneno mengi. Makenika akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa, akatoa kichwa. "Fremu ya kiwandani ipo humu. Toa hili godoro tuone."

"Usiliite godoro."

"Basi toa sofa. Sebule yako imeingia njiani bila leseni."

Mzee Sponji hakumruhusu amshikie mkasi. Alikaa peke yake ndani ya gari muda mrefu, kiganja juu ya kile kitambaa. Katikati kilikuwa kimechujuka, pembeni bado kilikuwa na rangi ileile ya dukani. Mkewe alipenda kujilaza pale mchana gari likiwa limeegeshwa uani, eti chumbani joto. Mzee Sponji alilia kidogo, hana wa kumficha, kisha akatia mkasi kwenye mshono. Ulikuwa mshono mzuri. Hata yeye leo asingeuweza.

Alipofika pale mgongo wa kiti unapokutana na kikalio, mkasi uligonga chuma.

Akavuta. Kikatoka kifungo cha mkanda, kisha mkanda wenyewe, umekunjwa vizuri. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Vyote vilishikwa na bolti kwenye fremu, na vyote vilikuwa vimelazwa chini na kushonewa ndani kwa mkono anaoujua, maana ulikuwa mkono wake.

Hapo akakumbuka yote. Vile vifungo vilikuwa vikichomoza kama visiki, vikiharibu mstari wa kazi yake. Mkewe alisimama palepale mlangoni, tumbo mbele, akasema, "Aliyeliunda gari aliviweka kwa sababu." Yeye akacheka, akamjibu kwamba aliyeliunda gari hajui kushona. Halafu akasahau, na kusahau huko kulidumu miaka thelathini. Wenyewe husema majuto ni mjukuu.

Na kuna ile hadithi. Kila familia ina hadithi yake, na yao ilikuwa ya siku mkokoteni ulipochomoza ghafla barabarani, yeye akafunga breki, na watoto wote watano wakamwagika chini ya viti vya mbele kama viazi. Kitinda mimba, wakati huo wa miaka mitatu, alitua juu ya tumbo la kaka yake na kuuliza, "Tumefika?" Gari zima lilicheka. Waliisimulia kila walipokutana. Binti mwenyewe aliisimulia siku ya harusi yake, watu wakashika mbavu. Sasa Mzee Sponji, kifungo mkononi, aliisikia tena hadithi hiyo, na kwa mara ya kwanza haikuwa na kicheko. Akakaa sakafuni.

Makenika aliitazama ile mikanda, akatazama uso wa rafiki yake, na maneno yake mengi yakamwisha. "Hii imezeeka, usiiamini," alisema tu. "Tununue mipya, tuifunge kwenye bolti zake za asili."

Ndivyo walivyofanya. Mzee Sponji alikata sponji mpya, nyembamba na ngumu, akashona kitambaa cheusi kisicho na mbwembwe, akaacha vifungo vichomoze vipendavyo. Viti vya watoto akaviweka mwenyewe huku akisoma maelezo kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Vya mapacha viligeuzwa viangalie nyuma.

"Wataonaje wanakokwenda?" binti alimtania baba yake alipopita.

"Wataona wanakotoka. Shingo zao bado changa."

Jumatatu alfajiri mikanda ya zamani ilikuwa ndani ya ndoo ya takataka, chini kabisa, imefunikwa na vipande vya sponji. Hakuna aliyejua isipokuwa makenika, na makenika angekufa na siri hiyo. Mzee Sponji alipita pale kwenye ndoo mara tatu. Mara ya nne akaingiza mkono, akatoa mmoja, akaenda nao mlangoni mwa gari, binti akiwa amembeba pacha mmoja begani.

"Nilikwambia gari halikuja na mikanda. Lilikuja nayo. Niliishonea mimi ndani, kiti kionekane vizuri. Siku ya mkokoteni mlikuwa mmeikalia."

Binti aliupokea. Akachomeka ulimi wa chuma wa mkanda ndani ya kifungo. Kikalia tak, kikashika.

"Mama alijua?"

"Alinikataza."

Akakifungua, akakifunga tena. Mzee Sponji akajua kwamba siku ya mkokoteni haitasimuliwa tena kama zamani katika familia yao. Nje, gari la hospitali likapiga honi.

"Ningekaa kimya usingejua," alisema. "Lakini ningekuwa nawabeba wanao huku nakudanganya. Ukiwapeleka kwa bibi yao sitakulaumu."

Honi ikalia tena. Binti akamkabidhi baba yake yule mtoto.

"Mfunge wewe," alisema. "Uji wao uko kwenye mfuko wa bluu."

Akaokota mkoba wake, akatoka getini nusu akikimbia, bila kuingiza mkono garini kutikisa chochote. Mzee Sponji aliwafunga mapacha, kisha dada yao, aliyekuwa akieleza habari za paka. Akakaza mikanda mpaka vidole vikakosa mkunjo wa kushika. Halafu akasimama pale, akisubiri, mpaka ikamjia kwamba hakuna mtu anayekuja kukagua.

Akashika kiti cha kwanza, akakitikisa mwenyewe. Kisha cha pili. Kisha cha tatu.