Meza ya Mifereji Minne

Pwaa. Sauti hiyo, mwanangu, ninayo masikioni mpaka leo. Ni sauti ya karata inayopigwa ubaoni kwa kiganja kizima, na mpigaji akainuka kidogo kwenye mkeka kwa sababu anajua hakuna wa kumjibu. Sie tuliokulia Temeke wakati wa Mwingereza tuliijua sauti hiyo kabla hatujajua kusoma saa. Ukiisikia upande wa kwetu baada ya alasiri, ujue baba kesharudi kazini, kaoga, kaswali, na wenzake watatu wameshaketi barazani.

Kisha siku moja ikanyamaza. Siku hiyo na zilizofuata ndizo ninazotaka kukusimulia, maana nakuona unavyokimbiakimbia kuwasaidia watu, nami nafurahi, lakini najiona mwenyewe nilivyokuwa.

Baba alikuwa akipakua magogo kwenye kiwanda cha mbao. Gogo likateleza, likamsaga mkono wa kushoto, na hospitali wakaukata kwenye kifundo. Mie nilikuwa na miaka kumi na mitano. Darasa la nne nilikuwa nimelimaliza, na hapo ndipo shule yangu ilipoishia. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama kufua na kupiga pasi nguo za Mzungu mmoja aliyekaa Kurasini. Nilikuwa mtu wa kuota ndoto mchana huku pasi iko mkononi. Mama alikuwa akinusa tu, akisikia harufu ya nguo kuungua ananiita jina langu lote.

Kidonda kilipopona, baba alijifunza upya karibu kila kitu. Msuli aliufunga kwa mkono mmoja na meno. Ndoo aliibeba. Pale kiwandani wakampa kazi ya kukaa getini. Karata ndizo zilizomshinda. Unajua mwenyewe, mkono mmoja unashika karata, mwingine unatoa. Alizilaza mapajani, zikateleza na wenzake wakaziona. Akajaribu kuzibana kwa vidole vya mguu. Wote wakacheka, naye akacheka, lakini kesho yake alisema mgongo unamuuma. Kesho kutwa kikawa kichwa. Wenzake wakawa wanakuja, wanaulizia hali, wanakunywa kahawa yao kimya, wanaondoka. Ule ubao wa kuchezea ukaegemezwa ukutani, na mama akaanza kuutumia kuanikia dagaa.

Hayo ya dagaa yaliniuma kuliko yote. Halafu nikamsikia Mzee Kombo, mmoja wa wale watatu, akimweleza mama kwa sauti ya chini. Alisema watu watatu hawachezi, na wamempata mtu wa nne kule Keko. Wangemngoja baba mpaka mwezi uandame, kisha wangehamia huko. Alisema kwa huzuni, sikumwona mbaya. Lakini nilijua baba akiondokewa na wale watu hatabaki na kitu cha kumtoa ndani. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeanza kupungua. Nikaapa moyoni kwamba utakapoandama mwingine, baba atakuwa barazani na karata zake.

Basi nilipopeleka nguo Kurasini, nikaona kitu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na huko ndani kulikuwa na meza ya duara, kingo zake zimevimba kama mto, juu imetandikwa kitambaa cha kijani. Nikamuuliza mpishi, akasema hiyo ni ya karata, hailiwi chakula. Nilisimama na kapu la nguo kichwani mpaka shingo ikauma. Moyoni nilikuwa nimeshaiona ile meza barazani kwetu, na baba ameiegemea.

Nitakueleza nilivyoijenga, maana sikuwa na chochote cha kununulia. Jirani yetu Fundi Shomari alikuwa akichonga vitanda, naye pia alikuwa mmoja wa wale wanne. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba niwe namfagilia karakana, anilipe kwa vipande vya mbao na kwa kunifundisha msumeno. Akaniuliza msichana anataka msumeno wa nini. Nikamwambia nataka kuchonga kigoda. Nilimdanganya, kwa sababu nilitaka liwe jambo la kuwashangaza wote siku moja. Shika hapo, tutaparudia.

Mbao za juu zilitoka kwenye makasha ya chai aliyoyatupa mwenye duka. Miguu ilikuwa vipande vya boriti vilivyobaki jirani alipojenga. Misumari niliiokota imepinda, nikaigonga juu ya jiwe mpaka ikanyooka, na kidole gumba changu kikawa cheusi wiki nzima. Duara sikuiweza. Nikakata pembe za meza ya mraba, ikatoka na pande nane, kila upande na urefu wake. Sufi niliokota chini ya msufi, nikazichambua mbegu. Kitambaa cha kijani sikukipata, nikalichukua blanketi la mama la kupigia pasi, la kijivu, nikalitandaza juu ya sufi na kulipigilia. Mama alinisema sana, kisha akanishikia pembe moja lisikunjike.

Lakini kitu changu mwenyewe, ambacho hata Kurasini hakikuwepo, kilikuwa mfereji. Kwenye ukingo wa upande wa baba nilichimba kwa patasi mfereji mwembamba wa kusimamishia karata, ili mkono wake mmoja ubaki wa kutoa. Mfereji wa kwanza ulitoka mpana, karata zikaanguka. Wa pili ulisimama wima mno, mtu wa pembeni akaweza kuziona. Nikautoa ukingo wote, nikaanza upya. Wa tatu niliuinamisha kidogo kumwelekea mchezaji, karata zikatulia kama watoto waliokatazwa kelele. Nilicheka peke yangu pale uani.

Zilikuwa zimebaki siku tano nilipoitoa meza barazani. Wote wanne walikuwepo: baba, Mzee Kombo, Fundi Shomari, na Bwana Yohana, Mnyamwezi, mtani wa baba. Sie Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana, unajua. Miaka yote ya nyuma Yohana hakupata kuingia kwetu bila kumwambia baba neno la kumchokoza, na baba hakupata kumwacha aondoke bila kumrudishia. Nikawapangia masanduku ya sabuni ya kukalia. Baba nikamweka penye mfereji. Akaupapasa kwa kidole, akazisimamisha karata zake moja moja, na uso wake, mwanangu, ulifunguka kama dirisha. Nikajua nimeshinda.

Mchezo ukaanza. Mzee Kombo akanyanyua karata, akaishusha kwa nguvu zake zote juu ya lile blanketi. Puf. Kama mtu aliyepiga godoro. Akainama kuchungulia chini ya meza. Fundi Shomari naye akapiga. Puf. Mchezo ukaendelea kwa adabu, kama watu walio msibani. Ndipo Bwana Yohana akatazama meza yote, akatazama upande wa baba.

“Mzaramo leo kachongewa hori lake peke yake, kama ng’ombe,” akasema. “Sie wengine tule chini?”

Wote wakamgeukia baba wakingoja jibu. Baba akatabasamu kwa midomo tu. Akazitoa karata mferejini, moja, ya pili, mpaka zote, akazilaza kifudifudi. Akasema wakati wa maghribi umefika, akaingia ndani. Jua bado lilikuwa juu ya mapaa.

Nilikwenda uani nikalia, nikamlaani Yohana kwa kila neno nililolijua, na nilijua machache. Fundi Shomari akanifuata. Hakunibembeleza. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaningoja nimalize.

“Umemkasirikia Yohana,” akasema.

Nikamwambia mtu anayemcheka mlemavu hana moyo.

“Yohana ni mtani wake. Tangu baba yako aumie, hajamtania hata mara moja, alikuwa anaogopa. Leo ndiyo ya kwanza. Amemrudishia heshima yake, wewe unalia.”

“Sasa mbona baba hakumjibu?”

“Angejibu nini, binti? Kwenye meza hii kuna wachezaji watatu na mgonjwa mmoja. Ndivyo ulivyoichonga.”

Yeye akaendelea taratibu, akaniuliza blanketi lile la nini. Nikamweleza habari za Kurasini.

“Wale wanapenda karata itue kimya,” akasema. “Baba yako anapenda nini?”

Nilikuwa najua, mwanangu. Hata wewe unajua, nimekwambia neno la kwanza kabisa nilipofungua mdomo. Nililijua siku zote zile za kugonga misumari na kuchambua sufi, na sikulikumbuka hata siku moja, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye meza ya Kurasini na kwenye mimi nitakavyosifiwa.

Fundi akainuka. Akaniambia kwamba lau ningemwambia ukweli siku ile ya kigoda, angenieleza haya kabla sijapinda mgongo. Kisha akaiacha patasi yake nzuri, ile asiyopata kumwazima mtu, juu ya kinu. “Siku bado nne,” akasema, akaenda zake.

Asubuhi niling’oa blanketi nikamrudishia mama, na matundu yake. Sufi nikaishona mto, baba akawa anauegemeza ule mkono. Halafu nikafanya jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kuchimba mbao. Nikamwendea baba, nikakaa chini, nikamwambia: baba, nilikosea, nataka kuitengeneza tena, nisaidie. Akainuka pale alipokaa. Kisha akaja uani, akaupima mfereji kwa vidole vyake.

“Uinamishe zaidi kidogo,” akasema. “Kombo ana jicho refu.”

Siku tatu nilichimba. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, nikafunga vitambaa nikaendelea. Nikachimba mfereji wa pili, wa tatu, na wa nne, yote sawa, yote inainama. Juu nikaacha mbao tupu, nikazisugua kwa msasa mpaka ukipitisha shavu hazikukwaruzi.

Siku ya nne wakaja. Kila mmoja akakuta mfereji mbele yake. Wakazisimamisha karata, kwanza kwa wasiwasi, kisha kwa raha. Na hapo, mwanangu, likatokea jambo nisilolifikiria. Mikono yao ya kushoto ikakosa kazi. Mzee Kombo wake akaushikisha kikombe cha kahawa. Fundi Shomari aliukalia. Yohana wake ulikuwa haujui pa kwenda. Mara unakuna goti, mara unashika sikio. Baba akamtazama kwa muda mrefu.

“Mnyamwezi,” akasema, “huo mkono mwingine umeuleta wa nini? Mie wangu nimeuacha nyumbani.”

Yohana alicheka mpaka akashika ukingo wa meza asianguke. Mzee Kombo akamwaga kahawa. Wakiwa bado wanacheka, baba akaitoa mferejini ree yake ya turufu, karata inayozishinda zote, akaipandisha juu kabisa, akainuka kidogo kwenye sanduku la sabuni.

Pwaa.

Meza iliruka, ikasimama. Mama jikoni akaacha kupepea moto. Mwezi uliandama, na yule mtu wa Keko sikupata kumjua hata jina.

Basi nisikie. Ukitaka kumsaidia mtu, nenda kwanza ukakae naye. Muulize, na usione haya kuulizia jambo dogo, maana wewe unatazama alichopungukiwa, yeye anakijua alichobakiwa nacho. Usimtengenezee kiti cha peke yake hata kama ni kizuri, ukiweza kutengeneza kinachowatosha wote. Usifiche kazi yako kwa kutaka kushangiliwa siku moja. Mtu anayeweza kukurekebisha umweleze mapema. Na ukikosea, usimtafute wa kumlaumu, shika patasi. Kukosea hakukunivunja mie. Ningevunjika kama ningeiacha ile meza na mfereji mmoja.

Mola akujalie macho ya kumwona mtu kabla ya shida yake. Aitie nguvu mikono yako, akupunguzie haraka, akufikishe uzeeni ukiwa bado unao watani wa kukuchokoza.

Jioni ile waliposambaa, baba na wawili wakaelekea msikitini, Yohana akaenda kwake akiimba. Mie nikatoka kukusanya vikombe. Baraza lilikuwa tupu. Nikaketi mahali pa baba, nikauficha mkono wangu wa kushoto mgongoni ndani ya khanga. Nikazisimamisha karata mferejini kwa mkono wa kulia. Nikachagua moja, sikuitazama hata ni ipi, nikainuka kidogo, nikaipiga.