Sugu ya Kidari

Mafundi viatu wa baraza lile wote walikuwa na sugu kifuani, na waliringa nayo. Ukishona soli unakikandamiza kiatu kidarini, unatoboa kwa msharasi, unavuta uzi kwa mikono miwili. Miaka ikipita, ngozi ya hapo inakuwa gome. Kwa hiyo uvimbe ulipomtokea Mama Soli, mwanamke pekee barazani, wenzake walimpongeza.

"Sasa umekuwa fundi kamili, dada!"

Naye akacheka, akaendelea kugonga misumari. Lakini ule uvimbe ulikua ukawa kama kisigino cha kiatu cha mtoto, ukauma hata asiposhika kazi, na shuka zikawa zinalowa jasho. Mdogo wake ndiye aliyemburuta hospitali.

Daktari, binti wa rika la mwanawe, alimpapasa shingo, kwapa na kinena akitafuta mitoki, zile tezi zilizovimba. Hakuna. Wakampiga picha, wakakata kinyama kidogo mfupani. Majibu yalipotoka, daktari akasogeza kiti.

"Mama, hii ni kansa ya Hodgkin. Kwa kawaida hukaa kwenye tezi. Yako imekaa kwenye mfupa wa kidari. Ni nadra sana."

"Imeletwa na viatu?"

"Hapana. Sugu iliificha tu."

"Inatibika?"

"Mara nyingi, ndiyo, kwa dawa za dripu. Ila mfupa huo usiukandamize tena, utavunjika."

Dripu alizikubali pale pale. Hilo la pili lilimkwama kooni. Kushona bila kidari! Si bora aambiwe ale bila mdomo?

Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, akaja na sura ya msibani.

"Shemeji, umechoka. Hiyo meza yako ya barazani nipe nimweke mtu, wewe upumzike."

"Nipumzike mpaka lini? Mpaka mje na majembe?"

"Jamani, sikusema hivyo."

"Mdomo haukusema. Uso umesema."

Nywele zikapukutika zote. Akaenda barazani kichwa wazi, kilemba hataki. Mteja mmoja alipoganda kumtazama, akaulizwa, "Umeleta viatu au umeleta macho?"

Siku za dripu alilala na ndoo ya matapishi ubavuni. Akipata nafuu alirudi mezani, akajifunza upya kama mwanagenzi. Alikata mkanda mrefu wa ngozi, akaupitisha juu ya kiatu, akaukanyaga chini kwa wayo, kiatu kikabanwa pajani. Mishono ya kwanza ilikwenda upogo. Jirani yake akaangua kicheko.

"Cheka, kaka. Nikimaliza hiki nashona mdomo wako."

Alifumua, akashona tena. Akafumua. Mpaka mshono ukanyooka.

Matibabu yalipokwisha, daktari alimwonyesha picha mpya: ugonjwa hauonekani, ila lazima arudi kuangaliwa.

"Nitarudi. Na wewe hivyo viatu vyako vimelika visigino, viletwe."

Wiki hiyo hiyo shemeji akatokea barazani, soli ya kulia ikipiga makofi. Akajipenyeza mbele ya watu.

"Shemeji, mimi ni wa nyumbani, nishonee haraka."

Mama Soli hakuinua kichwa. Aliukaza mkanda kwa wayo, akavuta uzi.

"Panga foleni. Mwenye meza yuko kazini."