Siku Doto Alipotaka Kuwa Rugaruga

Hadi leo nikisikia harufu ya nta ya nyuki ikiyeyuka, ninawakumbuka mashujaa wetu. Mama alikuwa akichuja asali ya kuuza nyumbani kwetu Gongoni, mjini Tabora, na nta iliyobaki tuliifinyanga kuwa watu wadogo wa urefu wa kidole. Siku za jua kali shujaa aliweza kuinama mwenyewe kama mlevi.

Mchezo tuliletewa na binamu wa Dar. Kitabu chake kilikuwa na wapiganaji wa nchi za barafu. Alipoondoka nacho, tukaweka wa kwetu. Usiogope, mchezo si mgumu. Kila mchezaji huchagua aina ya mpiganaji na kucheza kama yeye. Mpiga mishale huona mbali, lakini adui akimkaribia amekwisha. Wa mkuki hushambulia, hajikingi. Wa ngao humkinga mwenzake, ila peke yake hana pigo la maana. Rugaruga, mpiganaji wa zamani tuliyesimuliwa na bibi, hutangulia msafara peke yake bila wa kumkinga. Dadu ya ludo huamua nani kapatwa. Msimulizi ndiye huleta mito, njaa na wanyang'anyi, na neno lake ni la mwisho. Msimulizi nilikuwa mimi, Shija, niliyezaliwa baada ya mapacha.

Mapacha ni dada zangu: Kulwa mkuki, Doto ngao. Kwetu mapacha hupewa sawa. Kulwa akinunuliwa kandambili, Doto naye ananunuliwa. Doto akinywa dawa ya homa, bibi humlambisha Kulwa walau tone. Tuliliingiza hilo mchezoni bila kufikiri: jeraha la mmoja ni la wote wawili.

Likizo moja, matokeo ya mapacha ya darasa la saba yalikuwa yametoka. Kulwa alipangiwa shule ya kutwa hapa mjini, Doto ya bweni, mbali sana. Bibi alishasema pacha hatenganishwi, Doto abaki. Baba angetoa uamuzi Jumapili baada ya ibada. Doto hakuulizwa kitu.

Jumamosi mchana, sakafuni barazani, msafara wetu ulifika Mto Malagarasi. Ng'ambo niliweka wanyang'anyi. Doto akaibandua ngao ya shujaa wake.

"Nabadili. Nataka kuwa rugaruga."

Kulwa akacheka. "Acha utani wewe. Nani atanikinga?"

"Utajikinga."

"Ukichomwa mshale huko mbele, mimi nife kwa kiherehere chako?"

"Ndiyo maana nataka majeraha yatenganishwe. Langu liwe langu."

Kicheko kikakatika. Kulwa akanigeukia. "Shija, mwambie haiwezekani."

Doto hakunibembeleza, alinitazama tu. Jikoni, mama alikuwa ameacha kukoroga nta.

"Mwenzake akikubali," nikasema, "inawezekana."

Nilidhani Kulwa angepiga teke mchezo wote. Badala yake akamchukua shujaa wake wa mkuki, akambandua nta mgongoni, akafinyanga kingao kibovu kilichopinda, akakibandika mkononi mwa shujaa.

"Haya, vuka," akasema. "Ila ukifa huko usinililie."

Doto akatupa dadu. Sikumbuki hata ilisimama wapi. Nakumbuka kwamba jioni ile Kulwa alimfuata baba, ambaye hata viatu vya kazini hakuwa amevivua, akamwambia, "Baba, mwacheni Doto aende."

Bibi alinuna juma zima. Doto alienda.

Kwa miaka mingi niliamini dada zangu waligombania mchezo. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba Doto alikuwa akiomba ruhusa, na alianza na Kulwa, ambaye bila ridhaa yake asingeweza kuondoka hata kama baba angekubali. Aliiomba pale barazani kwa sababu nyumbani kwetu, enzi zile, hapakuwa na mahali pengine ambapo mtoto aliulizwa anataka kuwa nani.