Nilisema Mashine Haikosei

Jamani, kosa ni langu. Nimemlaumu fundi, nimelaumu mpaka barabara, lakini kosa ni langu mimi. Jina langu liacheni.

Nachapa karatasi mjini Muyinga, dukani kwa mama mmoja wa Gitega. Ndiye aliyenifundisha kazi niliporudi kutoka Tanzania na cheti cha shule tu. Siku tulipopakia printa ya rangi kuileta Muyinga, aliniambia mara tatu: barabara itaitikisa, ikifika, iache ijipime kwanza.

Ngoja nikueleze. Printa ile haina rangi nyekundu. Ina nyeusi, bluu, pinki na njano, kila moja inapita kwa zamu. Nyekundu ni pinki juu ya njano. Ikijipima, inachora alama za kila rangi kwenye mkanda wake wa ndani, kijicho chenye taa kinazisoma, inajua rangi ipi imewahi na ipi imechelewa, halafu inajirekebisha. Alama hizo hazitoki kwenye karatasi. Wewe unaona kusubiri tu, na wino unaliwa bure.

Mimi na kusubiri wapi na wapi! Wateja wamejaa, mashine inaguna haitoi kitu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima kujipima. Nikajiona mjanja.

Ndipo akaja Mama Vestina wa Buhinyuza. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania nyumba yake ilitazamana na yetu, nimekula sana ugali wake. Mumewe aliomba jambo moja tu, azikwe kwao, na mwezi ule ule waliorudi akafa, akazikwa kwao. Shamba hilo la mumewe, jirani yao Pasikali alikuwa amelilima miaka yote waliyokuwa kambini. Wakakubaliana wagawane bila ugomvi: kaburi kwa mama, kahawa kwa Pasikali. Mpimaji akachora ramani kwenye kompyuta, kaburi na kahawa kwa nyeusi, mpaka kwa nyekundu, akaniletea kwenye flashi.

Nilichapa mbili. Na niliona, sitadanganya. Mstari mwekundu ulikuwa na ukingo wa njano upande mmoja na wa pinki upande wa pili, tena umesogea upana wa punje ya ulezi. Nikasema moyoni, nani ataangalia? Mama na Pasikali wakatia vidole gumba pale pale mezani kwangu.

Punje ya ulezi kwenye karatasi ile ni hatua mbili shambani. Kaburi likaangukia upande wa Pasikali.

Wana wa Pasikali walipopanda miyenzi, miti ya ua wa mpaka, kwa kufuata karatasi, mama alipeleka kilio kwa bashingantahe, wazee wa usuluhishi. Pasikali akasema maneno ni maneno, karatasi ni karatasi. Mpimaji alishahama, simu yake haipatikani, flashi kaondoka nayo, na mafaili ya wateja mimi hufuta kila Jumamosi. Likabaki neno langu. Wakaniita. Nikaogopa kupoteza kazi yangu.

"Mashine haikosei," nikasema.

Mama Vestina hakubisha. "Kama mwanangu amesema, basi."

Yebaba we! Sikula siku ile. Nikarudi dukani nikawasha kujipima. Dakika chache, jamani, dakika chache tu! Mistari ikatoka imenyooka.

Kesho yake nikarudi Buhinyuza kukiri mbele ya wazee. Nikawaonyesha ule ukingo wa njano. Wakasema karatasi zote hupauka. Pasikali akacheka kidogo.

"Si weye ulisema mashini haikosei? Leo huyu mama amekupa nini?"

Wazee wakainamisha vichwa, wakasema mpaka ubaki ulipo, maana karatasi ina vidole vya wote wawili.

Sasa mama akitaka kung'oa majani kaburini kwa mumewe, anabisha hodi kwa Pasikali kwanza. Juzi alikuja dukani nimwandikie barua ya kuomba ruhusa. Nikaandika, nikachapa. Akaishika kwa mikono miwili.

"Imetoka sawa, mwanangu?"

Nikamwambia, Mama, soma kwanza mwenyewe. Nikakumbuka hajui kusoma.

Wewe unayekaa kwenye mashine kama mimi, ikiomba kujipima, iache ijipime. Na siku ukiulizwa kama imekosea, sema ulichokiona siku hiyo hiyo. Mimi nilikisema siku ya pili, na hakuna aliyenisadiki.